Je, wajua? Kwa nini aplikesheni ya usafiri kwenye mji mdogo ianzie kijiweni

Dar es Salaam unagusa kioo cha simu, dereva anafika. Ipeleke aplikesheni hiyohiyo Singida au Sumbawanga, uone. Wengi watasingizia mtandao, lakini kikwazo kikubwa ni umbali.

Tuseme mji una kilomita za mraba 40. Wakitawanyika madereva 160 wasio na abiria, aliye karibu nawe yuko kama mita 250. Wakiwa 10 tu, yuko kilomita moja, na hiyo ni kwa mstari ulionyooka. Kwa vichochoro ni zaidi. Safari yenyewe pengine ni ya kilomita mbili. Achome mafuta yote hayo akifuata nauli ndogo, na jioni bosi anasubiri hesabu yake? Atakataa, na simlaumu.

Ila bodaboda hawatawanyiki. Wako vijiweni: stendi, sokoni, getini hospitali, njia panda. Kwa hiyo aplikesheni ya mji mdogo iite kijiwe kwanza, isihangaike kumsaka dereva mmojammoja. Ombi liende kwa mwenye zamu. Asipoitikia ndani ya nusu dakika, lihamie kwa anayemfuata. Vijiwe vingi vina utaratibu wa zamu tayari. Ukileta mfumo unaoruka zamu, umeleta ugomvi.

Ramani nayo si ya lazima. Abiria wa huku hasemi nyumba namba ngapi, anasema "nyuma ya mnada" au "msikiti wa Ijumaa". Orodha ya sehemu hamsini au sitini zinazojulikana, na nauli iliyokubaliwa na madereva wenyewe kati ya eneo na eneo, inatosha kuanzia. Orodha hiyo inaingia hata kwenye menyu ya nyota na reli, kama ile ya kutuma pesa, ambayo haihitaji bando na inafanya kazi kwenye kitochi. Tatizo lake ni ufinyu: ukurasa mmoja hauzidi herufi 182, kwa hiyo mfumo ukumbuke sehemu ambazo mteja huenda mara kwa mara na kuzitanguliza.

Kuna waliokwepa bei ya kupangwa kabisa. Yakutsk, mji wa Siberia wenye baridi kali, madereva wa teksi walipandisha nauli majira ya baridi ya 2012. Wakazi wakaanzisha kundi mtandaoni: unaandika unakokwenda na unachotoa, mwenye gari akiridhika anakufuata. Huko ndiko ilikotoka inDrive, aplikesheni ya usafiri ambayo abiria na dereva hupatana nauli. Kwa watu waliozoea kupatana bei, mtindo huo hauna ugeni.

Mapato ya mwenye aplikesheni ndiyo pagumu. Aprili 2022 Uber ilisimamisha huduma Tanzania baada ya LATRA, mamlaka ya kudhibiti usafiri wa ardhini, kuweka ukomo wa asilimia 15 kwa kamisheni ambayo kampuni inakata kwenye nauli. Mji mdogo una tatizo la ziada: baada ya safari ya kwanza abiria anachukua namba ya dereva, na safari ya pili haipiti tena kwenye aplikesheni. Ndiyo maana naona ada ndogo ya wiki kwa kila dereva ni afadhali kuliko asilimia. Nayo atailipa tu akipata ambacho namba ya simu haiwezi kumpa: wateja wapya wanaoletwa kwa zamu, na abiria wa usiku wanaokubali kupanda kwa sababu kumbukumbu inaonyesha nani kawabeba.