Virusi vimeondoka, moyo je? Maswali na majibu kuhusu moyo baada ya kuugua

Mafua na korona ni magonjwa ya pua, koo na mapafu. Moyo unaingiaje hapo?

Unaingia kupitia damu. Kinga ya mwili ikishaamka kupambana na virusi, kemikali zake husambaa mwili mzima. Kuta za ndani za mishipa hupata uvimbe mdogomdogo, damu huganda kwa urahisi kuliko kawaida, na homa huongeza kasi ya mapigo. Mapafu yakiwa yamelemewa, oksijeni hupungua wakati huohuo moyo unapoihitaji zaidi. Sasa mchukue mtu ambaye mishipa yake ya moyo ina utando wa mafuta wa miaka mingi, naye hana habari. Katika msukosuko huo utando unaweza kupasuka, damu ikaganda juu yake na mshipa ukaziba. Huo ndio mshtuko wa moyo.

Njia ya pili ni msuli wa moyo wenyewe kuvimba, hali ambayo madaktari huiita miokaditisi. Virusi huushambulia msuli moja kwa moja, au kinga inayovisaka huujeruhi nao. Virusi vya koksaki B, adenovirusi, parvovirusi B19, influenza (virusi vya mafua makali) na korona vyote vinaweza kuileta. Mara nyingine kinachovimba ni mfuko unaouzunguka moyo. Maumivu yake huzidi ukilala chali na hupungua ukikaa ukainama mbele.

Hatari ni kubwa kiasi gani, na hudumu muda gani?

Inategemea kirusi, na inategemea zaidi moyo uliokuwa nao kabla ya kuugua. Utafiti wa Ontario, Kanada, uliochapishwa mwaka 2018 ulionyesha kwamba uwezekano wa kulazwa kwa mshtuko wa moyo ulipanda takribani mara 6 katika siku 7 za kwanza baada ya kipimo kuthibitisha influenza. Baada ya wiki hiyo ongezeko halikuonekana tena. "Mara 6" inatisha ikisomwa haraka, lakini wengi wa waliopata mshtuko huo walikuwa wazee. Kwa kijana asiye na presha, kisukari wala sigara, mara 6 ya hatari ndogo sana bado ni ndogo.

Korona ina mkia mrefu zaidi. Mwaka 2022 ulitoka uchambuzi wa rekodi za wanajeshi wastaafu wa Marekani, zaidi ya 150,000 waliokuwa wameugua. Katika mwaka uliofuata walionekana kuwa na hatari kubwa zaidi ya kiharusi, moyo kushindwa kazi, mapigo yasiyo na mpangilio na damu kuganda, kuliko wenzao ambao hawakuugua. Waliokuwa mahututi ndio walioathirika zaidi, lakini hata ambao hawakulazwa hospitali hawakusalimika kabisa. Wastaafu hao wengi ni wanaume wa makamo na wazee, kwa hiyo takwimu zao zisibandikwe kwa kila mtu kama zilivyo.

Nimepona wiki kadhaa zilizopita, lakini nikisimama tu moyo unakwenda mbio na kichwa kinakuwa chepesi. Moyo wangu umeharibika?

Mara nyingi hapana, ingawa ninajua jibu hilo halimtulizi mtu anayesikia moyo ukimpiga hadi masikioni. Sababu ya kwanza ni ya kawaida kabisa: ukilala kitandani siku nyingi, misuli hulegea na ujazo wa damu hupungua, hata kupanda ngazi kukawa kazi. Hali hiyo huondoka yenyewe kadiri unavyorudi kutembea.

Ya pili ni hitilafu ya mishipa ya fahamu inayoongoza mapigo na presha. Kwa kawaida mtu akisimama, mishipa ya miguuni hujibana ili damu isibaki chini. Baada ya maambukizi, uratibu huo unaweza kuyumba, na moyo hulazimika kukimbia kufidia. Unaweza kujipima mwenyewe. Lala kimya kama dakika 10, hesabu mapigo kwa dakika nzima, kisha simama bila kutembea na uhesabu tena mara kadhaa hadi dakika 10 zitimie. Fanya hivyo ukiwa na mtu karibu, maana wengine huzirai. Ongezeko la mapigo 30 au zaidi kwa mtu mzima, au 40 kwa kijana wa miaka 12 hadi 19, ni la kumwonyesha daktari. Andika namba zako uende nazo. Atapima presha ukiwa umelala na ukiwa umesimama, kisha ataangalia kama una upungufu wa damu, upungufu wa maji au tatizo la tezi ya shingo, kwa sababu hayo nayo huleta picha ileile.

Ikithibitika ni hitilafu hiyo, tiba huanza na mambo ya kawaida: maji ya kutosha, soksi za kubana miguu, na mazoezi ya kukaa au kulala kabla ya yale ya kusimama. Wengine huambiwa waongeze chumvi. Hilo usijipangie mwenyewe, hasa kama una presha au ugonjwa wa figo.

Dalili zipi hazingoji hadi kesho?

Maumivu au mkandamizo wa kifua usioisha, hasa ukienda begani, mkononi au tayani. Kukosa pumzi ukiwa umekaa, au kushindwa kulala bila kuinua kichwa kwa mito. Kuzirai, na zaidi ukizirai katikati ya mazoezi. Mguu mmoja kuvimba na kuuma ghafla. Uso kupinda, mkono kukosa nguvu, maneno kutoka yamevurugika. Kwa haya nenda idara ya dharura, na usiendeshe gari mwenyewe. Wenye kisukari na wazee wanaweza kupata mshtuko wa moyo bila maumivu, wakahisi tu uchovu mzito, jasho baridi au kichefuchefu.

Nikifika hospitali nitapimwa nini?

Kipimo cha umeme wa moyo na troponini ya damu, protini ambayo hupanda msuli wa moyo unapojeruhiwa. Ikibidi, ultrasaundi ya moyo au MRI, yaani picha za ndani ya mwili zinazopigwa kwa sumaku. Kipimo cha umeme kikiwa safi lakini dalili zinaendelea, rudi.

Kocha anasema nitoe jasho ili mabaki ya homa yatoke. Nimsikilize?

Usimsikilize. Katika majaribio ya zamani, panya walioambukizwa virusi vya koksaki na kulazimishwa kuogelea walipata uharibifu mkubwa zaidi wa moyo kuliko walioachwa wapumzike. Subiri homa iishe na nguvu za kazi za kawaida zirudi, ndipo uanze kwa kutembea na kuongeza polepole. Maumivu ya kifua au mapigo ya ajabu yakitokea, simama, ukapimwe. Aliyethibitika kuwa na miokaditisi kwa kawaida huzuiwa michezo mizito kwa miezi 3 hadi 6, hata akijisikia mzima.

Nasikia chanjo ndiyo inayoharibu moyo.

Chanjo za korona za aina ya mRNA, zinazoupa mwili maelekezo ya kutengeneza kipande cha kirusi ili kinga ikitambue, kweli zimesababisha miokaditisi, kwa nadra, zaidi kwa vijana wa kiume baada ya dozi ya pili na mara nyingi ndani ya wiki moja. Wengi wao walipata nafuu. Korona yenyewe nayo husababisha miokaditisi, pamoja na hayo mengine tuliyoyaona. Kuhusu chanjo ya mafua, jaribio lililochapishwa mwaka 2021 liliwachanja wagonjwa muda mfupi baada ya mshtuko wa moyo, na katika mwaka uliofuata vifo vilikuwa vichache kuliko kwa waliopewa sindano isiyo na chanjo.

Na dawa?

Za presha, kisukari na lehemu (kolesteroli) usiziache kwa sababu unaumwa. Ila ukitapika au kuharisha sana, uliza kama kuna za kusimamisha kwa muda, kwa ajili ya figo. Aspirini usianze kwa kujikinga bila ushauri. Diklofenaki na ibuprofeni, ambazo watu humeza ovyo kwa maumivu ya mwili, huongeza hatari kwa mwenye ugonjwa wa moyo. Kwa homa na maumivu ya kawaida, parasetamoli kwa kipimo chake ni salama zaidi kwake.