Dawa ya shambani inavyofika kisimani

Wengi huamini kwamba dawa inayoyeyuka sana kwenye maji ndiyo itakayofika kisimani kwanza. Kazi yangu ni maji yaliyo chini ya ardhi, na kila ninapokaa na wakulima huanza na dawa mbili za magugu wanazozijua. Glaifoseti huyeyuka zaidi ya gramu 10 katika lita moja ya maji. Atrazini, inayopigwa kwenye mahindi, huyeyuka miligramu 30 na kitu tu. Hata hivyo atrazini ndiyo iliyozoeleka kuonekana visimani, kiasi kwamba Ujerumani iliipiga marufuku mwaka 1991, na Umoja wa Ulaya ukakataa kuiongezea kibali mwaka 2004.

Kinachoamua ni jinsi udongo unavyoishika dawa. Glaifoseti hung'ang'ania madini ya chuma na alumini, ambayo udongo wetu mwekundu wa milimani unayo tele. Atrazini hutegemea zaidi mboji ili ishikwe. Shamba lililolimwa miaka nenda rudi bila samadi, mabua yake yakichomwa kila msimu, halina cha kuizuia. Ndiyo maana nikifika mahali kupima kisima, huuliza habari za samadi kabla sijauliza jina la dawa.

Halafu kuna muda. Kwenye udongo wa juu, wenye joto, hewa na vijidudu vingi, nusu ya atrazini huweza kuvunjika kwa miezi miwili hivi. Ikishavuka eneo la mizizi mambo hubadilika: vijidudu ni wachache, mboji ni kidogo sana, na dawa ambayo juu ingekwisha kwa miezi huweza kukaa miaka. Kwa hiyo mvua inayofuata baada ya kupiga dawa ina uzito kuliko mvua zote za msimu. Mvua kubwa ya masika ikinyesha kesho yake, inaisukuma dawa chini kabla vijidudu havijaifanyia kazi.

Mfano ninaourudia sana ni wa Long Island, jimbo la New York. Udongo wa huko ni wa kichanga na watu hunywa maji ya chini ya ardhi. Katika miaka ya 1970 wakulima wa viazi walitumia aldikabi kuua wadudu. Ni sumu kali, inayoyeyuka vizuri na kushikwa kidogo sana na udongo. Mwaka 1979 ikakutwa visimani. Mauzo yake kisiwani humo yalisimama mwaka uliofuata, lakini iliendelea kuonekana kwenye maji kwa miaka mingi.

Msomaji mwenye shamba la mfinyanzi asiseme mchanga haumhusu. Ni kweli mfinyanzi ukilowa hupitisha maji polepole mno. Lakini tazama udongo mweusi wa mbugani mwishoni mwa kiangazi: umepasuka nyufa ambazo mkono mzima unaingia. Mvua za kwanza hazichujwi na chochote hapo. Maji hutumbukia moja kwa moja na dawa iliyoko juu, yakiruka tabaka lote ambalo lingeishika. Kwenye mawe ya matumbawe ya pwani, ambako udongo ni haba na mwamba una matundu, hali ni hiyo hiyo mwaka mzima.

Na kuna njia fupi kuliko zote, inayoniumiza moyo kila ninapoiona: kuchanganyia dawa na kuoshea bomba la kupulizia pale pale kisimani, kwa sababu ndipo maji yalipo. Hapo udongo haupewi hata nafasi. Kiwango cha juu kinachoruhusiwa Ulaya kwa dawa moja katika maji ya kunywa ni mikrogramu 0.1 kwa lita. Piga hesabu: gramu moja ya kiini cha dawa inatosha kufikisha lita milioni 10 kwenye kiwango hicho. Kiwango hicho ni kikali makusudi, wala kukivuka si sawa na kuugua, ila kinaonyesha jinsi kimiminika kidogo kinavyokwenda mbali.

Chota maji, yapeleke shambani, changanyia huko. Suuza bomba mara tatu, na maji ya kusuuzia yapulizie kwenye mimea ile ile uliyoipiga dawa. Kisima kisicho na ukingo wa saruji kijengewe kabla ya masika, na maji ya mvua yaelekezwe kando yake.