Mizinga 19 ni ya Nani?

Kila anapofariki kiongozi aliyependwa na nusu ya nchi na kulaaniwa na nusu ya pili, swali ni lile lile: anastahili mazishi ya kitaifa? Kazi yangu ni itifaki, na kwa maoni yangu swali hilo huulizwa kwa jumla mno. "Mazishi ya kitaifa" ni furushi. Ndani yake mna tangazo la maombolezo, bendera kupepea nusu mlingoti, mwili kuwekwa hadharani, siku ya mapumziko, ibada ya kitaifa, wanajeshi kubeba jeneza, mizinga, na hotuba. Kila kimoja kina mwenyewe na gharama yake. Ukilifungua furushi, utaona watu wanagombania vitu viwili au vitatu tu. Vingine vyote havina ugomvi.

Tuanze na Daniel arap Moi, rais wa pili wa Kenya, kwa kuwa ndiye mfano wetu wa karibu. Alifariki tarehe 4 Februari 2020. Mwili ukawekwa katika Majengo ya Bunge siku tatu, tarehe 8 hadi 10. Tarehe 11 ikatangazwa siku ya mapumziko na ibada ikafanyika uwanja wa Nyayo, na tarehe 12 akazikwa Kabarak kwa mizinga 19. Kibaki naye, Aprili 2022, akapitia njia karibu ile ile: Bunge, Nyayo, kisha Othaya, mizinga 19. Marais wawili ambao hakuna Mkenya anayewaweka katika kapu moja, na hesabu ya mizinga ni moja. Jeshi halikukosea. Mizinga 21 ni ya mkuu wa nchi aliye kitini, 19 ni ya aliyestaafu. Raila Odinga, waziri mkuu wa zamani, aliyezikwa Bondo Oktoba 2025, alipigiwa 17, na umati uliomlilia haukuongeza hata mmoja. Mzinga huhesabu kiti, basi.

Sumu iko kwenye sifa. Mtaje Moi hapa Mombasa, na mtu wa makamo atakukumbusha maziwa ya Nyayo aliyokunywa shuleni. Jirani yake wa Likoni atakukumbusha tarehe 13 Agosti 1997, kituo cha polisi kilipovamiwa, bunduki zikachukuliwa, na watu wenye asili ya bara wakakimbilia kanisani na virago vyao. Waliouawa katika ghasia zile walizidi 100. Wa tatu atakuuliza kwa nini chama cha Waislamu, Islamic Party of Kenya (IPK), kilinyimwa usajili mwaka 1992. Ukitoka pwani, Wajir wana mauaji ya Wagalla ya Februari 1984, na Nairobi kuna vyumba vya chini vya Jumba la Nyayo ambamo watu waliteswa. Wote hao wanasema kweli, na hakuna mwandishi wa hotuba awezaye kuwatosheleza kwa dakika kumi za uwanjani.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu: heshima za kiti apewe kila aliyekikalia kwa njia ya sheria, bila kuulizwa alipendwa na nani. Bendera, wabebaji wa kijeshi, mizinga. Mambo matatu, saa mbili za kazi. Vilivyobaki, yaani siku ya mapumziko, uwanja na siku kadhaa za kutazama mwili, visiwe haki ya mtu yeyote. Na anayestahili kunyimwa hata hizo za kiti ni yule aliyehukumiwa na mahakama kwa makosa aliyoyafanya akiwa madarakani, au aliyeingia kwa bunduki.

Nchi nyingine zimeshalikata shauri hili, kila moja kwa namna yake. Augusto Pinochet alipofariki Desemba 2006, Rais wa Chile, Michelle Bachelet, alikuwa mwenyewe amewahi kuteswa na utawala wa jenerali huyo, na babake alifia gerezani. Alikataa mazishi ya kitaifa na maombolezo ya kitaifa. Hakulizuia jeshi kumzika kama mkuu wake wa zamani. Jeneza lilipata gwaride, serikali ikatuma waziri wa ulinzi tu. Hiyo ndiyo kazi safi ya kutenganisha: cheo cha jeshi alikuwa nacho kihalali, kiti cha urais alikipora.

Uganda ilikata kwa kisu butu zaidi. Idi Amin alifariki Jeddah mwaka 2003 na akazikwa huko huko. Milton Obote alifariki Johannesburg mwaka 2005, na Museveni, aliyepigana vita vya msituni dhidi ya serikali yake, akampa mazishi ya kitaifa, mwili ukawekwa Bungeni, akazikwa Akokoro. Ukimuuliza Mganda wa Luwero, walikopiganiwa vita vile, kanuni iliyotumika, sidhani kama atakutajia moja.

Mfano ninaoupenda zaidi ni wa Korea Kusini. Roh Tae-woo na Chun Doo-hwan walikuwa majenerali wenza, na wote wakawa marais. Wote wawili walihukumiwa kwa mapinduzi ya 1979 na mauaji ya Gwangju ya 1980, wote wakasamehewa Desemba 1997, na wote wakafa ndani ya mwezi mmoja, Oktoba na Novemba 2021. Roh alipewa mazishi ya kitaifa, ingawa hakuzikwa katika makaburi ya taifa. Chun hakupewa chochote. Tofauti yao? Roh alikuwa amelipa faini yake yote, na mwanawe alikuwa akienda Gwangju kuomba radhi kwa niaba ya baba. Chun alikufa na deni, na hakuomba radhi. Hili la deni tutalirudia.

Sasa niseme yanayoharibika, maana ndiko kwenye kazi.

La kwanza ni saa ya uamuzi. Kwetu Kenya mambo haya huanza kwa tangazo la Rais, mara nyingi saa chache tu baada ya kifo, simu zikilia na familia ikilia. Katiba, kifungu cha 135, inataka uamuzi wa Rais uwe wa maandishi, wenye muhuri na sahihi yake. Vizuri, lakini karatasi haimwambii aandike nini. Mtu mmoja, ambaye aghalabu alikuwa mwanafunzi wa marehemu au hasimu wake, ndiye anayepima. Wajapani waliona matokeo yake. Shinzo Abe alipouawa Julai 2022, baraza la mawaziri lilipitisha mazishi ya kitaifa bila kura ya bunge, ya kwanza kwa waziri mkuu tangu Yoshida Shigeru mwaka 1967. Kufikia tarehe 27 Septemba, siku ya shughuli, watu walikuwa wakiandamana barabarani, na ugomvi ukawa juu ya utaratibu kuliko juu ya Abe. Tanzania wana sheria yao ya mazishi ya viongozi wa kitaifa tangu 2006. Sisi tuige hapo: sheria iandikwe wakati wote wanaohusika wangali hai.

La pili ni nani awe mwenye shughuli. Edgar Lungu wa Zambia alifariki Pretoria tarehe 5 Juni 2025. Familia haikutaka Rais Hichilema, mpinzani wake wa miaka mingi, asimamie mazishi. Serikali ilishikilia kwamba rais wa zamani ni wa taifa. Maziko yakasimamishwa mahakamani siku yenyewe ya maziko, tarehe 25 Juni, na Agosti mahakama ya Pretoria ikaipa serikali ushindi, familia ikakata rufaa. Kesi nzima ya mtu kukosa kaburi kwa sababu ya nani atakaa kiti cha mbele! Dawa yake ni rahisi: sheria iseme kwamba mkuu wa majeshi au Jaji Mkuu aweza kuiwakilisha dola, na Rais aje akitaka, akae bila kuhutubu.

La tatu ni hesabu ya umati, na hapa naomba wenzangu wa kamati za mazishi wachukue kalamu. Mtu mmoja akipita mbele ya jeneza kwa sekunde 3 bila kusimama, mstari mmoja unapitisha watu 20 kwa dakika, 1,200 kwa saa. Ukiweka mistari miwili, kila upande mmoja, ni 2,400. Kwa saa 10 kamili ni 24,000, na hapo hakuna mzee mwenye mkongojo, hakuna aliyezimia, hakuna kigogo aliyesimamisha mstari apigwe picha. Ukiutangazia umma kwamba mwili uko katika uwanja wa watu 60,000 kwa siku moja, umeshawaahidi zaidi ya nusu yao kitu usichoweza kutoa. Watasukumana. Dar es Salaam, Machi 2021, watu 45 walikufa katika msongamano uwanja wa Uhuru wakimuaga Magufuli. Kasarani, Oktoba 2025, mwili wa Raila ulipofikishwa, polisi walifyatua risasi na watu wakafa. Aliye na umati mkubwa azungushwe mjini juu ya gari lililo wazi, mwendo wa mtu kutembea. Kilomita 10 za barabara, pande mbili, zinawatosha watu ambao uwanja hauwezi kuwameza.

Fedha nitazipita haraka. Kifungu cha 223 kinaruhusu serikali kutumia pesa ambazo Bunge halijapitisha, mradi jumla isizidi asilimia 10 ya bajeti ya mwaka huo na idhini iombwe ndani ya miezi miwili. Kinachonikera ni kwamba gharama kubwa ya mazishi haya, ulinzi, hufichwa katika vitabu vya polisi. Uingereza walipomzika Margaret Thatcher mwaka 2013, hata kwa ile shughuli ambayo rasmi haikuitwa mazishi ya kitaifa, walitoa jumla ya pauni milioni 3.6 na kuonyesha sehemu kubwa yake ilikuwa ya polisi. Nasi tuchapishe hivyo.

Bendera nayo hukosewa kila mara, hata katika ofisi za kaunti. Haipandishwi ikaachwa katikati. Hupandishwa mpaka kileleni, ikatulia kidogo, ndipo ikateremshwa nusu. Jioni hupandishwa tena kileleni kabla ya kushushwa. Na ile iliyofunika jeneza haiingii kaburini. Hukunjwa, ikakabidhiwa familia.

Je, marehemu akiwa Muislamu wa hapa Mombasa? Watu hudhani itifaki itavunjika, kwa sababu hatuweki maiti siku tatu. Haivunjiki. Ali Hassan Mwinyi alifariki Dar es Salaam tarehe 29 Februari 2024, akaagwa kesho yake, na tarehe 2 Machi akazikwa Mangapwani, Unguja, kwa heshima zote. Jenerali Ogolla, mkuu wa majeshi ya Kenya, ambaye hakuwa Muislamu, alizikwa Siaya Aprili 2024 siku tatu baada ya ajali ya helikopta, bila sanduku, kama alivyousia, na jeshi liliweza. Akifa mtu usiku hapa kisiwani, ataoshwa na kukafiniwa asubuhi, ataswaliwa baada ya Adhuhuri au Alasiri. Bendera huwekwa juu ya tusi, yaani jeneza la kubebea maiti, juu ya kile kitambaa cha kufunikia, na kuondolewa kabla maiti hajateremshwa mwanandani. Wanajeshi hubeba tusi hatua za kwanza kutoka msikitini, kisha huwaachia watu wapokezane, maana hapa kila mtu hutaka thawabu ya bega lake na huwezi kuwazuia. Mizinga isipelekwe makaburi ya Kikowani; pale pana nyumba kila upande na vioo vitapasuka. Ipangwe ufukweni Mama Ngina, afisa mmoja akae mava, yaani makaburini, na redio, atoe ishara. Mzinga kila sekunde 10, 19 inakwisha kwa dakika 3.

Tazama kinachokosekana katika ratiba hiyo: hotuba. Mava pana talkini na dua, basi. Wanasiasa wakitaka kusifu, watasifu nyumbani kwenye hitima, mbele ya watu waliochagua kuja. Mazishi yetu tayari yametenga heshima na sifa.

Lakini yana jambo ambalo mazishi ya uwanjani hayana. Kabla ya swala ya jeneza, walii wa maiti, yaani jamaa anayemsimamia, husimama mbele ya safu na kusema: kama kuna anayemdai marehemu, aje kwetu, na kama aliwakosea, msameheni. Watu huitikia. Na mali ya maiti ina mpangilio: kwanza gharama za kumzika, pili madeni, tatu wasia usiozidi theluthi, ndipo warithi. Deni halirukwi.

Mwaka 2010, Mahakama Kuu iliamua kesi ya watu 21 walioteswa katika vyumba vya Nyayo na kuagiza walipwe fidia. Hayo ni madeni ya kiti, na mwenye kuyarithi ni serikali ile ile inayolipia mizinga. Kwa hiyo katika rasimu yangu ya utaratibu, baada ya dua na kabla ya mzinga wa kwanza, kuna mstari mmoja: Mwanasheria Mkuu asome hukumu zote za fidia dhidi ya serikali kwa makosa yaliyotendwa katika utawala wa marehemu ambazo bado hazijalipwa, kiasi chake, na tarehe ambayo kila moja italipwa.