Usifue Leso Kabla ya Kutuletea

Tangu tuwaombe wakazi wa Nairobi watuazime nguo za enzi za ujamaa kwa maonyesho ya sanaa ya nguo kuhusu wafanyakazi wahamiaji, nyingi zimefika zimefuliwa, zimepigwa pasi na kukunjwa mara nane. Tunashukuru kwa moyo huo. Lakini lile doa la grisi kwenye ukosi wa ovaroli ndilo tulilolihitaji, na sasa halipo.

Raia wa Msumbiji walipelekwa viwandani Ujerumani Mashariki kwa mkataba wa mwaka 1979. Sehemu ya mishahara yao ilizuiliwa kwa ahadi kwamba wangelipwa wakirudi kwao. Miongo kadhaa baadaye walikuwa bado wanaandamana Maputo kudai, wakipeperusha bendera ya Ujerumani Mashariki, nchi isiyokuwepo tena. Nguo zao ni ushahidi. Lebo yenye herufi VEB inaonyesha kiwanda cha umma. EVP ikifuatwa na tarakimu ni bei ya rejareja: ilipangwa na serikali, ikawa moja nchi nzima, ndiyo maana iliweza kuchapwa kwenye bidhaa yenyewe. Watu huikata lebo kwa kuwa inawasha shingo. Msiikate. Vivyo hivyo leso za Urafiki, kiwanda cha Dar es Salaam kilichojengwa kwa msaada wa China na kufunguliwa 1968: usipunguze pindo, usikate jina, na kama doti haijatenganishwa, iache hivyo.

Aproni za dederoni, nailoni iliyopewa jina kutokana na DDR, kifupi cha Kijerumani cha Ujerumani Mashariki, huyeyuka kwa pasi ya moto. Leso nyekundu huchuja. Sisi hugusa kona kwa pamba yenye maji safi yaliyotokana na mvuke uliopozwa, na pamba ikishika rangi, maji hayaingii tena.

Ukifika, nguo itapigwa picha na fomu ya uazimaji itajazwa nakala mbili, moja ubaki nayo. Kisha inafungwa kwenye mfuko wa plastiki uliotolewa hewa na kukaa kwenye friza, nyuzi 20 chini ya sifuri, wiki nzima, kuua nondo na mayai yao. Ikitolewa, mfuko haufunguliwi kwa saa 24, ili umande utue juu ya plastiki na si kwenye kitambaa. Tafadhali msituombe tuuharakishe. Nguo bapa huviringishwa kwenye bomba lililofunikwa kwa marekani iliyofuliwa bila sabuni ya manukato. Ukutani hushikiliwa na utepe ulioshonwa kwa mkono kwenye ukingo mzima. Msumari huweka uzito wote kwenye tundu moja. Mwanga wa taa hauzidi lux 50 (lux ni kipimo cha mwangaza), kwa sababu rangi iliyopauka hairudi.

Nguo inayoletwa kutoka nje ya Jumuiya ya Afrika Mashariki kwa muda, hata kama ni ya shangazi, inaombewa kibali cha forodha kabla haijafika, kwa dhamana. Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Jumuiya, ya 2004, inataka irudishwe ndani ya miezi 12. Ikibaki, ushuru unadaiwa.