Kabonidioksidi haiifukuzi oksijeni majini

Samaki wakianza kuhema juu ya maji kwenye tangi la mimea lenye mtungi wa kabonidioksidi ya kuilisha mimea, wengi husema: gesi imeifukuza oksijeni. Maelezo haya ni ya siku nyingi, na si ya kweli. Maji si basi lenye viti vya kugombaniwa. Kila gesi huyeyuka kwa kipimo chake. Tangi la nyuzi 25 linaweza kuwa na miligramu 30 za kabonidioksidi kwa lita na bado likabaki na miligramu 8 za oksijeni, hata zaidi mchana mimea inapotoa viputo.

Shida imo ndani ya damu. Samaki huitoa kabonidioksidi kupitia matamvua kwa kuwa kiwango chake majini ni kidogo kuliko mwilini. Ikizidi nje, hukwama ndani, damu huongezeka asidi, na himoglobini hushindwa kubeba oksijeni ipasavyo. Samaki anakosa pumzi huku oksijeni ni tele.

Kwa hiyo wakihema, funga valvu ya mtungi kwanza, kisha tibua uso wa maji ili ziada itoke. Wanaotuliza maji ili kuibana gesi, kwa maoni yangu, wanajitafutia balaa. Kichupa cha kipimo, kile cha ndani ya tangi kinachoonyesha kiwango cha gesi kwa rangi, kikiwa kijani, ni karibu miligramu 30 kwa lita. Kikigeuka njano, imezidi. Ila rangi huchelewa saa moja au mbili, basi mtazame samaki kwanza. Usiku mimea haiitumii gesi hiyo: ifungwe saa moja kabla ya taa kuzimwa.