Ukitaka kuijua databesi ya wingu, anza na kurudisha data

Nafundisha databesi hapa Mwanza na huwa napanda jukwaani kwenye mikusanyiko ya watu wa data kila nikialikwa, na swali ninaloulizwa kuliko yote ni hili: kama siku hizi databesi ziko kwenye wingu, yaani kwenye kompyuta za kukodi kupitia mtandao, na Amazon au Microsoft ndo wanaoziendesha, mtu ajifunze usimamizi wa databesi wa nini tena? Silichukulii poa hilo swali. Anayeuliza mara nyingi ni kijana wa chuo kule Malimbe anayetafuta aweke nguvu zake wapi, au ni mwenye biashara ya jumla ambaye ameshauziwa mfumo na kuambiwa kila kitu kinajiendesha chenyewe, ye akae tu atulie.

Kiukweli wingu limetupunguzia mengi. Tangu Amazon walipoleta RDS, huduma yao ya databesi ya wingu, mwaka 2009 na Microsoft wakafuata na ya kwao mwaka 2010, kazi ya kununua seva, kubadilisha diski iliyokufa, kuhangaika na jenereta na kusasisha mfumo endeshi usiku wa manane imeondoka mikononi mwetu, na mimi niliyewahi kukaa chumba kimoja na seva inayounguruma joto la Mwanza likiwa nje na ndani nashukuru kwa hilo. Lakini data bado ni ya kwako, kwiri, yaani maswali na amri unazoituma databesi, ni zako, ruhusa umegawa wewe, na siku mtu wa ofisini kwako akituma DELETE, amri ya kufuta, akasahau WHERE inayotaja kifutwe kipi, hakuna mtu wa Amazon atakayekupigia simu, maana ile ni amri halali na databesi imetii kama ilivyoambiwa. Tena watu wanajitetea kwamba wana replika, databesi ya pili inayoifuata ile kuu. Replika inanakili kila kinachotokea, pamoja na kufuta, ndani ya sekunde chache na yenyewe inakuwa tupu vilevile. Replika inakuokoa seva ikifa, mtu akikosea haikusaidii kitu.

Ndo maana siku hizi mafunzo yangu siyaanzi na CREATE TABLE, amri ya kutengeneza jedwali. Naanza na kufuta. Kila mtu anapewa databesi yenye data, anaiangalia, anaizoea kidogo, halafu namwambia afute jedwali la malipo, kisha airudishe kama ilivyokuwa dakika moja kabla hajafuta. Ukumbi unatulia ghafla! Na hapo ndo watu wanaanza kuuliza maswali ya maana, kwa sababu huwezi kurudisha kitu ambacho hujui kimehifadhiwaje.

Kwa ufupi inakwenda hivi. Programu za databesi, PostgreSQL na wenzake, kabla hazijagusa faili zenyewe za data zinaandika kwanza badiliko kwenye logi, kama mwenye duka anayeandika daftarini kwanza ndo ashushe mzigo rafuni. Kwenye RDS wingu linachukua snapshoti, yaani nakala ya databesi nzima ilivyo wakati huo, kila siku, na katikati ya hapo linazihamisha zile logi kwenda stoo nyingine, RDS inafanya hivyo kila dakika 5. Ukitaka kurudi saa nane na dakika kumi mchana, mfumo unachukua snapshoti ya kabla ya hapo halafu unazirudia logi badiliko kwa badiliko mpaka sekunde uliyoitaja na kuishia hapo. Basi. Ukishaona hili kwa macho yako siku moja, vitabu vyote vya databesi vinaanza kusomeka.

Sasa kuna mambo hakuna anayekuambia mpaka umefanya mwenyewe. La kwanza, databesi iliyorudishwa haiji juu ya ile ya zamani, inazaliwa mpya na anwani mpya, kwa hiyo lazima programu zako uzielekeze upya na uangalie tena nani anaruhusiwa kuingia kwenye mtandao wake, na kama anwani ya zamani imeandikwa kwenye msimbo sehemu kumi na mbili tofauti, utazitafuta zote huku simu zinaita. La pili, inapoamka inakuwa nzito, kwa sababu data inaendelea kuvutwa kutoka stoo kila inapoguswa mara ya kwanza, na mtu asiyejua anadhani imeharibika anaizima anaanza upya, anajiongezea masaa. La tatu ni muda wa kuhifadhi: RDS na Azure SQL Database ya Microsoft zote mwisho wa kurudi nyuma kwa njia hii ni siku 35, na ukitengeneza RDS kwa kuandika amri badala ya kubofya kwenye ukurasa wao, ukiacha bila kutaja chochote unapata siku 1 tu. Siku moja! Makosa ya Ijumaa jioni unayagundua Jumatatu, unakuta hamna pa kurudi.

Mfano ninaopenda kuufundisha ni wa GitLab, kampuni inayowatunzia waandika programu msimbo wao mtandaoni, na naupenda kwa sababu wenyewe waliueleza hadharani bila kuficha kitu. Tarehe 31 Januari 2017 mhandisi wao, usiku, akihangaika na replika iliyogoma, alifuta folda ya data akidhani yuko kwenye seva ya akiba kumbe yuko kwenye ile kuu. Aligutuka ndani ya sekunde moja mbili akasimamisha, lakini kati ya gigabaiti kama 300 zilibaki 4.5. Wakakimbilia bakapu. Ile ya kila siku ilikuwa haifanyi kazi kwa sababu zana ya kuchukua bakapu ilikuwa toleo 9.2 na databesi ni 9.6, na barua pepe za kutoa taarifa kwamba bakapu imefeli zilikuwa zinakataliwa njiani, hivyo hakuna aliyejua. Kilichowaokoa ni snapshoti ambayo mtu alikuwa ameichukua kwa mkono masaa kama 6 kabla, kwa shughuli nyingine kabisa. Walirusha zoezi la kurudisha mubashara YouTube dunia nzima inaangalia, halafu wakaandika ripoti ndefu. Ripoti ile imefundisha watu wengi kuliko kozi nyingi za kulipia, na mimi nawaheshimu sana kwa kuiandika.

Hapa ndo nafika kwenye habari ya kukusanyika. Utamaduni wa wataalamu wa databesi kufundishana bure siku ya mapumziko una historia yake, mikutano ya Jumamosi iitwayo SQLSaturday ilianzia Orlando kule Marekani mwaka 2007 ikasambaa nchi nyingi, na PASS, chama kilichokuja kuilea, kilipofungwa Januari 2021 watu waliendelea kukutana, wengine kwa majina mengine. Ila ukiuleta utamaduni huo huku Kanda ya Ziwa kama ulivyo, Jumamosi haifai, Wasabato ni wengi na Jumamosi wako kanisani, na wengine Jumapili asubuhi wako kanisani vilevile, kwa hiyo sisi tunakutana Jumapili mchana watu wakishatoka ibadani na kula. Umeme tunautegemea lakini hatuuamini, kila mtu anakuja na betri imejaa, na bando hatutegemei la ukumbini, kila laptopu inawekewa PostgreSQL yake mapema ili mtandao ukigoma kazi iendelee. PostgreSQL ni bure, ya kwenye laptopu na ya kwenye wingu inaongea lugha ileile, anayejifunzia kwenye laptopu ya mkono wa pili hapungukiwi sana.

Na mazoezi tunayafanya kwa data ya huku. Tunatumia mfano wa mwalo, pale ufukweni boti zinaposhusha samaki: boti, wavuvi, mizani, magunia, malipo. Siku moja dada mmoja anayewatunzia hesabu wafanyabiashara wa dagaa aliniita mezani kwake, "Mwalimu njoo uone, mfumo unasema jana tumepokea mzigo mkubwa na leo kidogo, daftari linasema kinyume." Tukafungua jedwali pamoja. Dagaa wanavuliwa usiku wa giza kwa taa, na mzigo kutoka visiwani mwingine unashushwa usiku huohuo, saa saba, saa nane. Databesi ya wingu saa yake ni ya UTC, saa ya pamoja ya dunia, sisi tuko mbele yake kwa masaa 3, kwa hiyo gunia lililopokelewa saa nane usiku wa kuamkia Jumanne kwenye ile databesi limeandikwa saa tano usiku wa Jumatatu, na ripoti iliyokuwa inakata tarehe moja kwa moja ililirudisha siku ya nyuma. Kila mzigo wa kabla ya saa tisa usiku ulikuwa unahama siku! Dawa yake ni kuhifadhi muda kwa aina ya timestamptz, inayojali majira ya saa, na wakati wa kutoa ripoti kuugeuza kwa kutaja Africa/Dar_es_Salaam kabla ya kukata tarehe. Tulibadilisha ule mstari mmoja wa kwiri, akaweka daftari pembeni ya skrini, akashusha kidole mstari kwa mstari, zikalingana. Meza nzima ilisimama kuangalia. Hilo huwezi kulipata kwenye kozi iliyoandikwa London, ambako majira ya baridi saa yao na UTC ni kitu kimoja.

Dagaa hao hao wananisaidia kueleza gharama. Zikiingia siku za giza zisizo na mbalamwezi, kazi ni usiku na mchana, mbalamwezi ikiwa kubwa mwalo unapoa, kwa hiyo databesi ya ukubwa uleule mwezi mzima unalipia wiki ambazo haifanyi kitu. Ipunguze au tumia zile zinazopanda na kushuka zenyewe. Ila angalia mtego huu: RDS ukiisimamisha haikai imesimama milele, ikifika siku 7 inawaka yenyewe na bili inaanza tena kukimbia, na hata ikiwa imesimama stoo unalipia. Wanafunzi wanaofungua akaunti kwa kadi za kwenye simu nawasisitizia kabla ya kutengeneza databesi ya kwanza waweke tahadhari ya bajeti, hicho ndo kitu cha kwanza kabisa.

Umbali nao usiupuuze. Vituo vikubwa vya wingu vilivyo karibu nasi viko Afrika Kusini, Microsoft walifungua 2019, Amazon wakafungua Cape Town 2020, Google wakaja Johannesburg 2024. Mwanza mpaka Cape Town kwa mstari ulionyooka ni zaidi ya kilomita 3,500, mwanga kwenye faiba unakwenda takriban kilomita 200,000 kwa sekunde, kwa hiyo kwenda na kurudi haipungui milisekunde 35 na uhalisia ni zaidi, maana kebo hainyooki. Inaonekana ndogo eeh? Sasa chukua programu iliyoandikwa vibaya ambayo kufungua ukurasa mmoja inatuma kwiri 200 moja moja, hizo ni sekunde 7 mteja amekaa anaangalia skrini, na hata ukinunua seva kubwa mara nne sekunde hizo haziondoki. Zikusanye ziwe kwiri moja au mbili zenye JOIN, inayounganisha majedwali, imeisha.

Halafu kebo zinakatika. Tarehe 12 Mei 2024 EASSy na SEACOM, kebo za mtandao za baharini, zilikatika kwa pamoja na Tanzania tukawa miongoni mwa walioumia zaidi, na mifumo mingi ambayo data yake iko nje ilikuwa haishikiki wakati data yenyewe iko salama kabisa huko iliko. Kwa mwalo wa kisiwani Ukerewe ambako mtandao unayumba hata siku nzuri, mi nashauri programu ya simu iandike kwanza kwenye SQLite, databesi ndogo ambayo imo ndani ya kila simu ya Android, kisha mtandao ukirudi ipeleke kwenye wingu. Na namba za utambulisho zisiwe 1, 2, 3, kwa sababu simu mbili zisizo na mtandao zote zitatengeneza risiti namba 57 na zikikutana kwenye wingu zitagongana. Tumia UUID, namba ndefu ambayo haitarajiwi kujirudia, kila simu inajitengenezea yake bila kuomba ruhusa kwa mtu.

Na ukiwa unahifadhi majina na namba za simu za watu, isome Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, inatumika tangu tarehe 1 Mei 2023 na ina masharti kuhusu kupeleka taarifa nje ya nchi. Wengi wanaochagua kanda ya wingu, yaani data ikae nchi gani, wanaangalia bei tu.

Jumapili ijayo tunaendelea na zoezi la kurudisha, safari hii nitawapa databesi ambayo bakapu zake zinaonekana zote za kijani kwenye skrini na moja tu kati yake ndo inarudi. Njoo na laptopu yenye PostgreSQL ndani, chaji, na kama una data ya kazini toa kwanza majina ya watu ndo uje nayo. Wale mnaotoka Sengerema na Nansio mtuambie mapema, tutaanza mkishafika.