Nyumba za kujifungulia Uingereza: mambo yanayopotoshwa kila mwaka

Kila Mei 5, Siku ya Wakunga Duniani, inapokaribia, kitengo chetu cha historia ya ukunga hupokea dai lilelile: kwamba Uingereza ilipofungua nyumba za kujifungulia mwanzoni mwa karne iliyopita, vifo vya uzazi vilikoma. Havikukoma. Hadi katikati ya miaka ya 1930, kwa kila watoto 1,000 waliozaliwa, mama wanne hivi walikufa.

Muuaji mkuu alikuwa homa ya uzazi, yaani maambukizi yanayompata mama baada ya kujifungua. Vijidudu vyake husafiri kwa mikono, vitambaa, hata koo la mhudumu. Nyumba yenye vitanda sita na mkunga mmoja ilikuwa njia fupi ya kuvitoa kwa mzazi mmoja kuvipeleka kwa mwingine.

Ndiyo maana kazi ilianzia kwenye beseni. Mkunga alivaa gauni la kitambaa kinachofulika, akakata kucha, akasugua mikono hadi kwenye viwiko kwa sabuni na brashi iliyochemshwa, kisha akaitumbukiza katika maji ya Lysol au kaboliki, dawa za kuua vijidudu. Alirudia kila alipotaka kumgusa mzazi. Kosa la kawaida lilikuwa kunawa vizuri mwanzoni, kushika ndoo au shuka, kisha kurudi kwa mama. Kaboliki kali nayo ilichubua ngozi, na vijidudu vikajificha kwenye nyufa.

Kondo likitoka, alilikagua kama limetimia, maana kipande kikibaki huleta damu nyingi na homa. Hakuruhusiwa kuondoka kabla ya saa nzima kupita. Kwa siku 10 alimwangalia mama na mtoto. Joto la mama likizidi nyuzi 38 na kudumu siku nzima, alilazimika kujaza fomu na kumwita daktari. Ikithibitika ni homa ya uzazi, yeye, nguo na vyombo vyake vilisafishwa kwa dawa kabla hajamgusa mzazi mwingine.

Kuhusu adhabu za kufanya ukunga bila cheti, tafadhali tusichanganye. Sheria ya Wakunga ya 1902 ilihusu England na Wales. Kuanzia Aprili 1, 1905, kujiita mkunga bila cheti kulileta faini isiyozidi pauni 5. Kuanzia Aprili 1, 1910, kuzalisha kwa mazoea na kwa malipo, bila cheti wala uongozi wa daktari, faini isiyozidi pauni 10. Maneno ni *kwa mazoea na kwa malipo*. Jirani aliyemsaidia mwenzake aliyeshikwa na uchungu ghafla hakuvunja sheria, na tumelieleza hili mara nyingi mno. Wakunga wa jadi nao hawakufutwa: aliyekuwa na mwaka mmoja wa kazi na tabia njema aliweza kuomba kuandikishwa.

Pengo kubwa la sheria hiyo lilikuwa fedha. Mkunga aliamriwa kumwita daktari, lakini haikusemwa nani angemlipa, hivyo familia maskini zilimsihi asubiri kidogo. Mwaka 1918 sheria ilirekebishwa: halmashauri ikamlipa daktari kwanza, kisha ikadai kwa familia iliyo na uwezo.